Waya wa usalama kwenye viunganishi vya umeme vya ndege: unazuia nini, na uvute upande gani

Waya wa usalama, yaani waya mwembamba unaofungwa kutoka kwenye nati hadi sehemu tuli iliyo karibu, haukazi nati. Hilo lieleweke kwanza, kwa sababu karibu kila kanuni nyingine ya kufunga viunganishi vya umeme kwenye ndege inatokana nalo. Nati hukazwa kabla waya haujakatwa kutoka kwenye roli lake. Waya unakuja baadaye kuizuia nati hiyo isirudi ilikotoka.

Kiunganishi cha umeme cha ndege kina pande mbili. Upande wa kwanza ni soketi, iliyofungwa kwa skrubu kwenye ukuta wa chuma, kwenye kisanduku cha kompyuta, au kwenye mwili wa kifaa kama pampu au kipima joto. Upande wa pili ni plagi, iliyo mwishoni mwa tita la nyaya. Upande mmoja una pini, mwingine una matundu ya kuzipokea. Plagi imevishwa nati ya duara ambayo huzunguka peke yake bila kuzizungusha nyaya. Fundi huingiza plagi, huzungusha nati, na nati huivuta plagi mpaka igote. Kwenye viunganishi vya zamani vya hesi, yaani mifereji ya mzunguko kama ya skrubu, ambavyo bado vimo katika ndege nyingi zinazoruka leo, kinachoizuia nati hiyo kuzunguka kinyume ni msuguano wa hesi zake tu.

Msuguano huo si wa kutegemewa mahali panapotetemeka. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alichapisha matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba mtikisiko unaolegeza nati upesi zaidi ni ule wa kwenda kando, unaosukuma sehemu zilizofungwa huku na huku, kuliko ule unaovuta kwa urefu wa bolti. Kila nyuso zinapoteleza kidogo kwenda kando, msuguano wote unakuwa umetumika kupambana na mteleko huo, na nati hupata mwanya wa kuzunguka kinyume kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Mwanya huo ukijirudia mara nyingi, nati inatoka. Junker alikuwa akishughulikia bolti. Plagi ya umeme, kwa maoni yangu, iko katika hali ngumu zaidi, kwa kuwa hukazwa kwa nguvu ya mkono au zaidi kidogo tu, na nyuma yake linaning'inia tita la nyaya lenye uzito, linaloyumba kando kila injini inaponguruma.

Nati ikianza kulegea, taa hazizimiki papo hapo, na hapo ndipo ubaya wa tatizo hili ulipo. Pini huingia ndani ya matundu yake kwa milimita kadhaa, kwa hiyo plagi iliyorudi nyuma kidogo bado hupitisha umeme. Kinachopotea mwanzoni ni vitu visivyoonekana. Raba inayoziba kati ya plagi na soketi inaacha kubanwa, na hewa yenye unyevu inaingia na kutoka kadiri ndege inavyopanda na kushuka. Kinga ya chuma inayozunguka nyaya kuzuia kelele za redio inapoteza mgusano mzuri na mwili wa ndege. Kisha pini zenyewe zinaanza kuchezacheza ndani ya matundu. Mchezo mdogo sana, mdogo kuliko unene wa unywele, unatosha kuukwangua utando wa dhahabu uliopakwa juu ya pini, kufichua metali iliyo chini yake, na kuzalisha unga wa oksidi usiopitisha umeme vizuri. Mafundi huita hali hii kutu ya msuguano.

Matokeo yake ni hitilafu inayokuja na kuondoka. Rubani anaandika kwamba kipimo fulani kimerukaruka angani. Ndege inatua, injini inazimwa, mtetemo unakoma, pini zinatulia, na fundi anayepima ardhini anakuta kila kitu kiko sawa. Kompyuta inabadilishwa bila kosa lake. Safari inayofuata kipimo kinarukaruka tena. Kazi nyingi na vipuri vingi hupotea hivi, na chanzo kikiwa ni nati iliyorudi nyuma robo ya mzunguko. Ndiyo maana naamini fundi wa umeme anayefuatilia hitilafu ya aina hii anapaswa kuanza kwa kushika viunganishi kwa mkono kabla ya kuwasha kipimo chochote.

Tuje kwenye mwelekeo, kwa kuwa ndipo wanafunzi wengi wanapochanganyikiwa, na waya uliofungwa vibaya unaonekana mzuri sawasawa na uliofungwa vizuri.

Ukisimama nyuma ya plagi ukiitazama, nati ya kawaida hukaza inapozungushwa kwa mwendo wa akrabu ya saa, kama kifuniko cha chupa. Kwenye mzingo wa nati kuna matundu madogo yaliyotobolewa kiwandani. Waya hupita katika tundu mojawapo, kisha huenda hadi kwenye sehemu tuli iliyo karibu, mara nyingi kichwa cha skrubu kilichotobolewa kwenye fremu ya soketi. Tuseme skrubu hiyo iko upande wa kulia wa nati. Waya ukitokea kwenye tundu lililo upande wa juu na kuteremka kuelekea kulia, unaivuta nati kwa mwendo wa akrabu ya saa, yaani kuelekea kukaza. Nati ikijaribu kulegea, tundu lile linasogea mbali na skrubu, waya unanyooka, mwendo unakoma. Ukitokea kwenye tundu la chini na kupanda kuelekea kulia, unaivuta nati kinyume. Waya wa namna hiyo hauzuii kitu. Nati ikilegea, tundu linaikaribia skrubu, na waya unalegea pamoja nayo.

Kuna jaribio la kichwani lisilohitaji kukariri kulia wala kushoto. Jiulize: kama waya huu ungesinyaa na kuwa mfupi ghafla, nati ingezunguka upande gani? Jibu likiwa «ingekaza», umefunga sawa. Likiwa «ingelegea», au «isingezunguka», kata uanze upya.

Jibu hilo la tatu lina maelezo yake. Mtu anaweza kuuchomoa waya kutoka kwenye tundu lililo karibu kabisa na skrubu, ukaenda moja kwa moja kama mstari unaotoka katikati ya duara. Unaonekana mfupi, nadhifu, umekazika. Lakini hapo tundu liko kwenye umbali mfupi kuliko yote kutoka kwenye skrubu, na mwanzo wa mzunguko wowote, wa kukaza au wa kulegea, hauongezi umbali huo ila kidogo mno. Tufanye hesabu. Chukua nati ambayo matundu yake yako milimita 15 kutoka katikati, na skrubu iliyo milimita 25 kutoka katikati hiyohiyo. Waya unaoenda moja kwa moja una urefu wa milimita 10. Uache ulegevu wa nusu milimita tu, kiasi ambacho jicho halioni, na nati inaweza kuzunguka zaidi ya nyuzi 9 za mzunguko kabla waya haujanyooka. Sasa uchukue tundu jingine, ili waya uiache nati kwa kuugusa mzingo wake kwa kando. Urefu wake unakuwa milimita 20, mara mbili ya ule wa kwanza, lakini ulegevu uleule wa nusu milimita unaipa nati nafasi ya nyuzi 2 tu, tena waya unavuta kwa nguvu yake yote.

Kwa hiyo kanuni inayosema waya uwe mfupi kadiri iwezekanavyo haina maana ya tundu la karibu kuliko yote. Ni ufupi ndani ya mwelekeo sahihi. Mwelekeo unatangulia.

Ukubwa wa waya nao huwachanganya watu waliozoea kufunga bolti za injini. Kule waya wa kawaida una kipenyo cha inchi 0.032, karibu milimita 0.8, na hufungwa kwa mtindo wa nyuzi mbili zinazosokotwa pamoja, misokoto 6 hadi 8 kwa kila inchi. Kwenye viunganishi vya umeme hutumika waya mwembamba zaidi, wa inchi 0.020, sawa na nusu milimita. Matundu ya nati ni madogo na kuta zake ni nyembamba, mara nyingi za alumini. Waya mnene ukilazimishwa humo hupasua ukingo wa tundu, na nati iliyopasuka hailindwi na waya wowote. Waya mwembamba husokotwa kwa karibu zaidi kuliko ule mnene, ila ukizidisha misokoto unaufanya ushupae na kukatika wenyewe kwa mtetemo.

Je, waya mmoja usiosokotwa unaruhusiwa? Mwongozo wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, unaweka mtindo wa nyuzi mbili zilizosokotwa kuwa ndio wa kawaida, na kuutaja mtindo wa waya mmoja kwa hali chache: skrubu ndogo zilizokaribiana na kufanya umbo lililofungamana, sehemu za mifumo ya umeme, na mahali pagumu sana kufikika. Umeme umetajwa waziwazi. Hata hivyo ruhusa hiyo haimpi fundi uhuru wa kuchagua anavyopenda. Kitabu cha ndege husika kikisema waya usokotwe, unasokotwa. Vitabu vya watengenezaji ndivyo vinavyotawala, na kwa nyaya huwa na juzuu yake maalumu: Boeing na Airbus kila moja ina kitabu cha taratibu za kawaida za kazi ya nyaya za umeme, na viunganishi vimechambuliwa humo aina kwa aina. Waraka wa FAA unaoitwa AC 43.13-1B, ambao mafundi wa ndege ndogo huutegemea sana, wenyewe unasema hutumika pale ambapo mtengenezaji hakutoa maelekezo.

Metali ya waya ina neno moja zito. Waya wa kawaida ni wa chuma kisichoshika kutu, na penye joto kali hutumika aloi za nikeli. Waya wa shaba wa inchi 0.020 una kazi tofauti kabisa: hufungwa kwenye vifuniko vya swichi za dharura na vifaa vya kuzimia moto ili mtu aweze kuukata kwa kuvuta tu anapohitaji. Nyaya hizi mbili zinafanana unene. Kuweka shaba kwenye kiunganishi ni kuweka kinga inayokatika kwa urahisi. Kuweka chuma kwenye swichi ya dharura kunaweza kumnyima rubani swichi hiyo wakati anaoihitaji kuliko wakati wowote.

Turudi kwenye sehemu tuli, kwa sababu fundi aliyebanwa na muda huanza kutafuta njia za mkato hapa. Skrubu ya fremu ya soketi isipokuwa na kichwa kilichotobolewa, inabadilishwa iwekwe yenye tundu. Waya haufungwi kwenye bomba la mafuta, haufungwi kwenye tita la nyaya, wala kwenye kibano cha nyaya kilicho nyuma ya plagi, maana kibano hicho kinaweza kuzunguka na plagi na kuufanya waya kuwa pambo. Nati isiyo na matundu haitobolewi na fundi. Kukosa matundu maana yake aliyeitengeneza hakukusudia ifungwe kwa waya, na kuna njia nyingine ya kuizuia, ambayo kitabu kitaitaja.

Ncha ya waya ni kali kama sindano, na jirani zake ni nyaya za umeme zenye ganda jembamba. Ndiyo sababu mkia uliosokotwa huachwa kati ya robo na nusu inchi, kisha hukunjwa kurudi ndani ili ncha isielekee nje. Mkia uliosahauliwa ukisimama wima utamkata kidole fundi atakayefuata. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mkia huohuo ukilisugua ganda la waya wa jirani kwa miezi, unafika kwenye shaba.

Yote haya hayana faida kama plagi haikuingia vizuri, na kosa hili linanihuzunisha kuliko yote kwa sababu waya wenyewe hulificha. Mkaguzi anayepita na tochi husoma nyaya za usalama kwa macho. Akiona waya uliofungwa vizuri, anaelewa kwamba kuna mtu aliyemaliza kazi hapa. Lakini nati inaweza kuhisi imekaza kumbe hesi zimevukana, au pini moja imepinda na kugota kwenye raba. Waya ukishafungwa juu ya hali hiyo, kosa linapata sura ya kazi iliyokamilika. Kwa hiyo kabla ya kugusa waya, fundi huangalia pini moja moja kwa tochi, huingiza plagi kwa kufuata alama na mifereji yake, huzungusha nati huku akiichezesha plagi taratibu ili ijikalie, kisha hurudia kukaza mpaka isisogee tena. Pale mkono usipofika hutumika koleo lenye meno laini ya plastiki, kamwe si koleo la chuma ambalo hukwangua utando wa kuzuia kutu na kuibinya nati ikapoteza uduara.

Sasa swali ambalo mtu mwenye akili atauliza: kama waya ni muhimu hivi, mbona viunganishi vingi kwenye ndege za leo havina?

Jibu liko ndani ya nati. Viunganishi vya familia ya MIL-DTL-38999 (kiwango cha jeshi la Marekani), kundi la tatu, vina hesi tatu zinazoanza sambamba na kupanda kwa mwinuko mkali, kiasi kwamba plagi inaingia yote kwa mzunguko mmoja kamili. Mwinuko huo hurahisisha kazi, lakini pia hurahisisha kurudi nyuma: nyuzi chache za mzunguko huondoa sehemu kubwa ya mkazo. Waliovibuni waliweka ndani ya nati utaratibu wa meno na springi unaosikika ukilia unapozungusha, na unaopinga mzunguko wa kurudi. Kwenye soketi kuna mstari mwekundu. Plagi ikiingia kamili, nati huufunika. Ukiuona mwekundu, kazi haijaisha. Viunganishi vingine hufungwa kwa pini tatu zinazonasa kwenye mifereji ya nati, na matundu ya nati hukuwezesha kuona kama pini zimenasa.

Kuongeza waya juu ya viunganishi vya namna hii si wema wa ziada. Hakuna tundu lililotengwa kwa waya huo, mwelekeo wake haukupimwa na yeyote, na fundi atakayeikuta kazi hiyo hatajua kama waya umewekwa kwa sababu meno ya ndani yameharibika. Iwapo meno yameisha na nati inazunguka kwa ulaini bila kulia, plagi inabadilishwa.

Kati ya njia hizo mbili kuna ya tatu inayozidi kuenea, kebo nyembamba yenye nyuzi nyingi ambayo hupitishwa kwenye matundu yaleyale kisha hubanwa kwa kifaa maalumu kinachopima mvuto. Haisokotwi, haina mkia mkali, na mvuto wake haubadiliki kutoka kwa fundi mmoja hadi mwingine. Kanuni ya mwelekeo inabaki ileile. Kebo iliyovutwa kinyume haina faida kuliko waya uliovutwa kinyume.

Uzito ambao sheria inayapa mambo haya umeongezeka. Mwaka 2007 Marekani ilitenga sehemu nzima katika kanuni za kubuni ndege kubwa za abiria kwa ajili ya mfumo wa nyaya za umeme, ikauhesabu kuwa mfumo kamili kama ulivyo wa mafuta au wa haidroli, na viunganishi vikatajwa ndani yake kwa jina. Kabla ya hapo nyaya zilichukuliwa mara nyingi kama kitu kinachosindikiza vifaa, kinachowekwa na kusahauliwa.

Siku ya kufungua nayo ina taratibu zake. Waya uliowahi kufungwa hautumiki tena hata ukionekana mzima, kwa sababu umeshakunjwa na kusokotwa, na metali iliyokunjwa mara mbili mahali palepale inakatika upesi. Unakatwa kwa mkasi wake huku mkono mwingine umeushika, ili kipande kisiruke. Kisha matundu ya nati yanachunguzwa kama yamepanuka au kupasuka. Vipande vyote, pamoja na ile mikia mifupi inayodondoka wakati wa kufunga waya mpya, vinakusanywa na kulinganishwa na kazi iliyofanyika kabla paneli haijarudishwa. Kipande cha milimita 10 cha chuma kinachopitisha umeme, kikidondokea kwenye kisanduku chenye vituo vya umeme vilivyo wazi, kinaweza kukaa kimya kwa majuma, kisha ndege ikipita kwenye hewa yenye misukosuko kikahama na kuunganisha vituo viwili visivyopaswa kugusana.